Kutoka Bukavu hadi Goma kutafuta mguu: kumbukumbu za siku kwa siku

Kumbukumbu hizi zinafuata safari ya sajini mmoja mstaafu na mkewe. Bomu la kutegwa ardhini lilimharibu mguu wa kushoto, madaktari wakaukata chini ya goti, kidonda kikapona. Sasa anautafuta mguu wa bandia. Jina lake halitatajwa, wala mapigano alimojeruhiwa. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inataka majeruhi atibiwe bila kuulizwa alipigania upande gani, na kwa fundi wa viungo hali ni hiyo hiyo: anachotazama ni kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa.

Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, na vyote viwili vina uzoefu wa kazi hii. Huyu anavuka Ziwa Kivu, hapa mashariki mwa Kongo, kwa sababu alipasuliwa Goma, dosiye (faili) yake iko huko, na binti yake anakaa huko. Asiye na sababu kama hizo aanze na kituo kilicho karibu naye, maana mguu wa bandia humrudisha mtu kwa fundi mara nyingi kuliko anavyotarajia. Jambo jingine familia ilijue mapema: mgonjwa asiende peke yake, na msindikizaji asiwe yeyote aliyepata nafasi wiki hiyo. Awe yule anayeishi naye nyumba moja, kwa sababu nusu ya mafunzo ni yake.

Siku ya 1, Bukavu

Kabla ya kuulizia meli, kigutu kinakaguliwa mchana, karibu na dirisha. Watu wengi hurudishwa kutoka karakanani kwa sababu ya kidonda kinachotoa maji, uvimbe usiotulia, au goti lililokakamaa. Tundu dogo kama punje ya mtama linatosha kuzuia plasta, ile inayochukua umbo la kigutu ili mguu utengenezwe kwa kipimo chake. Baada ya upasuaji, kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane kabla ngozi haijawa tayari, na maambukizi huongeza muda huo.

Uvimbe hupimwa kwa futi kamba ya fundi cherehani. Anzia chini ya pia ya goti, weka alama kila baada ya sentimita 5, zungusha futi kwenye kila alama asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Kwa huyu sajini tofauti ya asubuhi na jioni imebaki nusu sentimita kwa wiki mbili. Hiyo ni dalili nzuri. Kigutu ambacho bado kinapungua kikipigwa plasta leo, mguu utakuwa umelegea kabla ya mwezi kwisha.

Tatizo lake ni goti. Akilala chali, nyuma ya goti haigusi godoro. Mkono unapita chini yake. Chanzo chake ni mto. Kwa miezi mingi mkewe alimwekea mto chini ya kigutu apate kulala vizuri, na hakuna aliyemwambia kwamba goti linalolala limekunjwa hubaki limekunjwa. Familia nyingi hufanya hivyo kwa upendo, hospitali nazo husahau kuonya. Mto uondolewe leo. Badala yake alale kifudifudi dakika 20, mara tatu kwa siku, na akiwa amekaa asukume goti chini, ahesabu hadi tano, aachie, mara kumi.

Bendeji ya mpira ni ya upana wa sentimita 10. Haizungushwi kama anayefunga mzigo, duara juu ya duara, kwa sababu hivyo inakaba katikati na ncha inavimba kama balbu. Inapita kwa mshazari, kwenda juu na kurudi chini ikifanya umbo la nane, ikibana zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda juu ya goti. Inafunguliwa na kufungwa upya kila baada ya saa nne. Ikianza kupwita au kufa ganzi, inafunguliwa papo hapo.

Mkobani zinaingia bendeji mbili, moja mwilini na moja iliyofuliwa, sabuni isiyo na manukato makali, kaptula mbili, na viatu vyote viwili. Kiatu cha kushoto ndicho kinachosahauliwa au kilichokwisha kugawiwa jirani. Bila jozi kamili fundi hawezi kulinganisha mguu, maana urefu wa kisigino unaamua kila kitu kinachofuata. Karatasi za hospitali zinaingia kwenye mfuko wa plastiki. Karatasi za jeshi zinakaa mahali pengine, na nakala zake zinabaki nyumbani. Kofia, mkanda wa sare au koti la rangi ya jeshi havisafiri, hata kama ndilo koti pekee lenye joto.

Familia hii imeishi miaka mingi karibu na Kambi Saïo. Wengi Bukavu wanalitaja jina hilo bila kukumbuka lilikotoka: Saïo iko Ethiopia, ambako mnamo Julai 1941 askari wa Kongo wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, chini ya Jenerali Gilliaert, walipokea silaha za Waitalia wa Jenerali Gazzera waliosalimu amri. Ushindi ulipata kambi inayobeba jina lake. Askari waliorudi vilema wanastahili kukumbukwa kwa jambo linaloshikika zaidi, na ndiyo maana ya safari kama hii.

Siku ya 2, ziwani

Barabara ya Kavumu, Kalehe, Minova na Sake ni kama kilomita 200, na mwenye kigutu akikaa ndani ya gari amekunja goti kutwa nzima hufika amevimba. Boti za kasi huchukua saa chache. Meli kubwa huchukua muda mrefu zaidi, nyingine husafiri usiku. Kwa mgonjwa meli kubwa ni bora, kwa sababu anaweza kunyoosha mguu na hata kulala kifudifudi. Tangu vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, ratiba hazitegemewi kama zamani. Ulizia bandarini siku moja kabla, kisha asubuhi ya safari yenyewe.

Ubao wa kupandia meli huwa na maji. Anayemsaidia asimshike mkono, kwa sababu mkono ndio unaoendesha gongo. Amshike mkanda wa suruali kwa nyuma, upande wa kigutu. Wakati wa kushuka msaidizi anatangulia mbele, chini yake. Vipira vya magongo vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kukanyaga sakafu ya chuma.

Jile (jaketi) ya kuokolea inavaliwa kabla ya kukaa, na inafungwa kamba zote. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, imejaa kupita kiasi, watu wanaiona kutoka ufukweni. Meli ikionekana imebeba kuliko uwezo wake, mtu wa magongo asubiri inayofuata, hata kama tikiti imelipwa.

Kiti kizuri ni cha pembeni, kigutu kikiwa upande wa ukuta ili wapita njia wasikigonge. Magongo yanafungwa pamoja kwa kamba na kuwekwa chini ya kiti chake mwenyewe. Yakipelekwa kwenye mizigo, hana njia ya kutoka. Mkewe anafungua bendeji wakati kisiwa cha Idjwi kinaonekana, anatazama ngozi, anafunga tena. Honi ya meli inapolia ghafla, sajini anashtuka mwili mzima na jasho linamtoka. Mke anajua: hamgusi kwa nyuma, anamwita kwanza, “Papa, ni honi tu, tunakaribia,” kisha ndipo anaweka mkono begani.

Siku ya 3, Goma

Taksi nyingi ni pikipiki. Aliyekatwa mguu wa kushoto apande kwa upande wa kulia: asimame kwa mguu mzima, apitishe kigutu juu ya kiti. Upande huo mara nyingi ndiko bomba la moshi lilipo, kwa hiyo asiuinue mguu mzima kabla ya kuona pa kuukanyagisha. Magongo yanabebwa na mke kwenye pikipiki ya pili. Dereva akiyaweka mbele juu ya usukani yanamzuia kukata kona.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyotiririsha moto mjini Januari 2002 na tena Mei 2021. Mawe hayo yana makali, na vipira vya magongo vilivyodumu muda mrefu Bukavu huliwa upesi. Mafundi wa mtaani hukata vipya kwenye matairi ya zamani. Vinafaa, mradi unene ufike sentimita moja na kipira kikaze bila msumari, kwa kuwa msumari ukitokeza huteleza kwenye saruji kama barafu.

Jioni: bugali (ugali), sambaza (dagaa wa ziwani), lenga-lenga (mchicha). Alale mapema.

Siku ya 4, kituoni

Leo ni maswali na mikono. Kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anapima nguvu za paja na nyonga, anapima goti, anagonga kigutu taratibu kwa kidole kutafuta mshipa wa fahamu uliokua fundo. Ukiwapo, pigo dogo hutuma umeme hadi kwenye vidole ambavyo havipo tena. Kisha anakagua mguu mzima. Wengi hushangaa, lakini mabomu ya ardhini hurusha vipande pande zote, na mguu huo wa pili ndio utakaobeba kazi kubwa maisha yote.

Fundi anauliza: nyumba iko mlimani au bondeni? Choo ni cha kuchuchumaa? Anataka kurudi kwenye kazi gani? Majibu ya kweli yana faida. Mguu wa bandia hauna kifundo kinachokunja, kwa hiyo kuchuchumaa ni kugumu, na dawa yake ni nguzo au kamba imara ukutani mwa choo. Hilo atalitengeneza mjomba au jirani wiki hii, kabla mgonjwa hajarudi. Mke anapiga simu Bukavu saa hiyo hiyo.

Sajini anaona aibu kusema kwamba kidole gumba cha mguu uliokatwa kinamwasha usiku. Aseme. Maumivu ya mguu usiokuwapo ni ya kweli, yanatoka kwenye mishipa na ubongo, wala si uchawi au udhaifu. Huwapa wengi nafuu kusugua kigutu kwa taulo, kukigongagonga kwa vidole, na zoezi la kioo: kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya miguu, mguu mzima unachezeshwa, macho yanatazama kiooni dakika 10 hadi 15. Yakizidi, daktari ana dawa zake. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havisaidii.

Uamuzi: plasta isubiri. Goti bado linakosa kama digrii kumi ili kunyooka.

Siku ya 5 hadi ya 7

Mazoezi asubuhi na alasiri, kulala kifudifudi, bendeji. Mke anafundishwa kuifunga hadi kine anaporidhika bila kuigusa. Goti linaanza kunyooka.

Siku ya 8, plasta

Sajini anakaa juu ya meza, kaptula imepandishwa. Fundi anavalisha kigutu soksi nyembamba yenye maji, kisha kwa penseli ya wino usiofutika anachora pia ya goti, kano iliyo chini yake, ukingo wa mfupa wa muundi, ncha yake, na kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni. Alama hizi zitahamia ndani ya plasta zenyewe. Alama isiyochorwa leo ni kidonda cha kesho kutwa.

Bendeji za plasta zinaloweshwa, zinakamuliwa kidogo, zinazungushwa. Goti limekunjwa kidogo, digrii 20 hadi 30, na misuli imelegezwa. Hapo askari wengi hukosea: wanakaza paja kama wako gwaride, na plasta inachukua umbo la misuli iliyokazwa. Fundi anaongea naye habari za watoto hadi paja linalala. Kisha anaweka vidole gumba viwili pande mbili za kano, vidole vingine nyuma ya goti, anabana bila kusogea hadi plasta ikaze. Mbano huo ndio utakaobeba sehemu kubwa ya uzito, kwa sababu ncha ya kigutu haiwezi kuubeba mwili peke yake.

Plasta ikivuliwa, vipimo vinaandikwa: mzunguko kila sentimita 5, upana wa goti, urefu kutoka goti hadi sakafuni kwenye mguu mzima, urefu wa kiatu.

Siku ya 9, karakanani

Plasta inajazwa uji wa plasta na bomba la chuma katikati. Ikikauka, ganda la nje linavuliwa na kubaki kigutu cheupe cha mawe. Sasa kinachongwa. Fundi anapunguza pale mwili unapoweza kubeba: kwenye kano, ubavu wa ndani wa mfupa wa muundi, nyuma ya goti. Anaongeza plasta pale pasipobeba: kichwa cha mfupa wa pembeni, ukingo wa muundi, na ncha. Anafanya hivyo kwa milimita chache, akipima kila mara na kulinganisha na daftari. Fundi mwenye haraka hupunguza kila mahali sawasawa, na kikombe chake, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu, hukaa vizuri dakika tano tu.

Mgonjwa hana kazi leo, lakini ni vizuri aje atazame. Mashine ya kusaga ikitaka kuwashwa, aambiwe kwanza, na akae anapouona mlango. Wenye kuzoea kelele za karakana hawakumbuki kwamba kelele hizo hizo zinamrudisha mtu mahali pabaya.

Siku ya 10, plastiki

Kwanza sponji laini ya milimita 6: inapashwa moto kama digrii 120 kwa dakika chache, inavutwa juu ya plasta, inapunguzwa kingo. Hiyo ndiyo itakayogusana na soksi. Kisha bamba la polipropileni linaingia kwenye tanuri la digrii 180, dakika 20 hadi 25 kutegemea unene. Likiwa tayari linang'aa na kuning'inia. Watu wawili wenye glavu wanalilaza juu ya plasta, wanaliunganisha kwa chini, pampu inanyonya hewa, na plastiki inajishika kila bonde.

Umeme wa Goma ukikatika bamba likiwa nusu, halilazwi. Linarudishwa tanurini jenereta ikiwaka na saa inaanza upya, kwa sababu plastiki iliyolainika upande mmoja huwa nyembamba upande huo na itapasuka hapo. Likizidi moto nalo huwa jembamba. Kisha linaachwa lipoe hadi kesho. Likikatwa lingali na joto, hujipinda.

Teknolojia hii ya polipropileni iliendelezwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa kwa ajili ya nchi za vita. Plastiki hii haiozi kwa maji, haihitaji vipuri vya bei kubwa, na hutengenezeka kwa moto popote penye tanuri. Kuna miguu mizuri zaidi duniani, lakini mingi haivumilii tope la Kadutu, mtaa wa Bukavu, wala haina fundi wa kuitengeneza hapa.

Siku ya 11, kusimama

Kikombe kimekatwa kingo, kimeunganishwa na vipande vya kulinganishia na mguu wa mpira, na kiatu kimevalishwa. Sajini anasimama kati ya vyuma viwili sambamba. Kwanza ni urefu: fundi anaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga kutoka nyuma. Upande ukiwa chini, vibao vya milimita 5 vinaongezwa chini ya kiatu hadi usawa upatikane.

“Papa, unaisikia wapi?”

“Hapa chini kabisa, kama moto.”

Moto wa chini maana yake kigutu kimezama kupita kiasi. Inaongezwa soksi moja, na maumivu yanahamia kwenye kano, mahali pake. Asingeweza kuingia hadi mwisho, soksi ingepunguzwa. Hesabu hii ya soksi ndiyo atakayoifanya kila siku, kwa sababu kigutu hupungua mchana na huongezeka usiku.

Dakika 15, mguu unavuliwa, ngozi inatazamwa. Wekundu kwenye kano na nyuma ya goti ni sawa iwapo unaondoka ndani ya dakika 10. Wekundu kwenye kichwa cha mfupa wa pembeni au kwenye ncha si sawa hata ukiondoka upesi: fundi anapasha kikombe moto pale na kukisukuma nje.

Siku ya 12 hadi ya 14, kutembea

Goti likimkatikia mbele mara tu kisigino kinapogusa chini, ncha ya mguu imeinuka mno au kikombe kimekaa mbele mno. Akihisi kama anapanda mlima na goti linasukumwa nyuma, ncha imeshuka mno au mguu uko mbele mno. Akiinamisha mwili upande wa mguu wa bandia, huenda mguu ni mfupi, au umewekwa nje mno, au bado anaogopa. Akiuzungusha mguu kwa nje kama fagio, ama ni mrefu, ama hataki kukunja goti. Fundi anageuza bolti kidogo, kitu kimoja kwa wakati. Anayegeuza viwili kwa pamoja hajui kipi kilichosaidia.

Muda unaongezwa polepole, na ngozi inatazamwa kila mara. Askari hupenda kuvumilia. Hapa uvumilivu unaharibu kazi: malengelenge ya leo ni wiki mbili za magongo. Mke ndiye aliyeliona la kwanza, jioni ya siku ya 13, kwa kutumia kioo cha mkononi chini ya kigutu. Kesho yake kikombe kilisukumwa milimita mbili na mazoezi yakaendelea kwa muda mfupi.

Siku ya 15, mawe

Nje ya geti. Kupanda: mguu mzima unatangulia, wa bandia na gongo vinafuata. Kushuka: gongo na mguu wa bandia kwanza. Kwenye mteremko mkali anapita kwa upande, mguu mzima ukiwa juu. Kwenye mawe ya lava hatua ni fupi, na mguu wa mpira unakanyaga bapa. Ukikanyaga jiwe kwa ukingo hauna kifundo cha kujirekebisha, utampindua.

Anafundishwa kuanguka na kuinuka pia: kutupa gongo pembeni, kutua kwa mikono, kugeuka kifudifudi, kupiga goti la mguu mzima, kusukuma. Watoto wa nyumbani waonyeshwe hili wakiwa wanacheka. Siku baba atakapoanguka kweli wasipige kelele, wala wasimvute mkono.

Siku ya 16, karatasi

Mguu umepumzishwa nusu siku na kazi ni ya dosiye. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 ndiyo inayoweka hadhi ya mwanajeshi wa FARDC, jeshi la Kongo, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, wawe waliwahi kuvaa sare au la. Haki iliyo kwenye sheria hulipwa kwa karatasi, na karatasi nyingi hupatikana kwa urahisi mwenyewe akiwa hai.

Daktari aandike ripoti inayotaja tarehe ya jeraha, chanzo chake, mguu upi, umekatwa wapi, na kiwango cha ulemavu. Maneno “amekatwa mguu” peke yake hayatoshi. Namba ya matrikule, ile ya utambulisho wa askari, iandikwe sawasawa kwenye kila ukurasa. Jina nalo liwe lile lile: herufi moja ikitofautiana kati ya karte (kadi) ya jeshi na karte ya uchaguzi, dosiye hulala.

La kumhusu mke ni hili, na tunalisema kwa uchungu kwa sababu linaumiza wajane wengi wa askari. Mahari ikitolewa na familia zikala pamoja, watu wanaona ndoa imekamilika. Lakini ndoa ya kimila isiyoandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia (msajili wa serikali wa ndoa na vizazi) huwa ngumu kuthibitisha baada ya kifo, na wakwe walioshuhudia mahari wanaweza kubadilika siku pesa inapotajwa. Ndoa iandikishwe sasa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vichukuliwe sasa. Nakala tatu: nyumbani, kwa mtu wa kuaminika mji mwingine, na picha kwenye simu ya mtoto mkubwa.

Siku ya 17, kumalizia

Ulinganisho umekubalika, vipande vinaunganishwa kwa kuchomelea kijiti cha polipropileni kwa hewa ya moto. Baada ya hapo pembe hazibadilishwi kwa bisibisi, ndiyo maana haikufanywa mapema. Ukanda wa ngozi juu ya pia ya goti unatobolewa tundu moja la ziada, kwa ajili ya siku kigutu kitakapopungua.

Mke anapewa kazi zake na kuzirudia kwa sauti. Kigutu kioshwe jioni kwa sabuni, kisuuzwe, kikaushwe. Kikioshwa asubuhi ngozi huingia na unyevu na kuchubuka. Kisinyolewe, kisipakwe mafuta ya mgando wala spiriti kabla ya kuvaa. Soksi zifuliwe kila siku, zianikwe zikiwa zimelala, zivaliwe bila mkunjo, mshono ukiwa nje. Kikombe kipanguswe kwa kitambaa chenye maji na kamwe kisiwekwe karibu na mbabula ya makala (jiko la mkaa): plastiki hii huanza kupinda kabla ya kuyeyuka.

Siku ya 18, kurudi

Amevaa mguu kupanda meli, ukanda umelegezwa baada ya kukaa. Akitaka kuuvua, bendeji ifungwe dakika hiyo hiyo, la sivyo kigutu kitavimba na mguu hautaingia Bukavu bandarini, usiku, watu wakisukumana. Viatu havibadilishwi njiani. Kisigino kikizidi kwa sentimita moja tu, kazi yote ya siku ya 12 inavurugika, kwa hiyo jozi mpya ya sokoni inunuliwe kwa kupima kisigino dhidi ya ile ya zamani.

Siku ya 19, Bukavu

Mvua imenyesha na njia ya kwao ni udongo mwekundu unaoteleza. Anapanda kwa upande, gongo moja, mkewe nyuma ameshika mkanda. Chooni nguzo imekwishasimikwa, kimo cha kifua, imejengewa kwa saruji.

Wiki ya kwanza avae kwa muda wa saa mbili wakati wa asubuhi na muda kama huo jioni, aongeze saa moja kila siku ngozi ikikubali. Magongo yasitupwe, siku ya kidonda ndiyo miguu yake. Arudi kwa fundi baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi kikombe kikizunguka, kikitoa mlio, au soksi zikifika tatu na bado ncha inaungua. Mguu wa mtu mzima hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Wa mtoto, kila miezi sita hivi, kwa sababu anakua. Kwa ukaguzi wa kawaida hahitaji tena kuvuka ziwa: nakala ya dosiye ya Goma imo ndani ya mfuko wa plastiki, ikiwa na vipimo vyote vya siku ya 8, na fundi wa Bukavu anaweza kuanzia hapo.